Sahani Zilizorudi Zimejaa

Ubao ule niliuona kabla sijamwona mwenyewe. Ulikuwa umeegemezwa ukutani sebuleni, baina ya televisheni na kabati la vyombo, nyumbani kwa Somoe hapa Masasi, na maandishi yake meupe yalikuwa bado yanasomeka bila shida: MUUGUZI MFAWIDHI. Kushoto kwa maneno hayo palikuwa na sehemu iliyokwanguliwa hadi rangi ikatoka yote, ubao ukabaki na kovu, kama goti la mtoto aliyewahi kuanguka vibaya. Mama Somoe, mwenye ubao huo, alikuwa uani akisimamia sufuria ya pilau, maana hata katika umri huu, ambao wenziwe huketi wakaletewa, hakubali moto uwake mahali asipouona. Tulikuwa tumeitwa kumpongeza mjukuu wake, Zaitun, binti wa Somoe, aliyemaliza masomo ya uuguzi. Kaka Dismasi alikuwa amefika kabla yangu, mvi zimemjaa kichwani, shati lake limenyooshwa kwa pasi kama la siku ya ukaguzi wa wodi. Jirani mmoja alipita dirishani akamwamkia, “Shikamoo daktari,” naye akaitikia kama alivyoitikia maisha yake yote: “Marahaba. Mimi nesi, lakini marahaba.” Nilicheka mpaka nikaketi kabla ya kukaribishwa. Ndipo Zaitun akaja na sinia la vikombe, akalitua, akapitisha kidole juu ya lile kovu la ubaoni. “Mama mdogo, hapa paliandikwa nini?” Nilimtazama Dismasi, naye akatazama vidole vyake. Kutoka uani ikaja sauti ya Mama Somoe, ambaye masikio yake hayajazeeka hata kidogo: “Mwelezeni. Ila aeleze Skola. Dismasi atajipunguza.”

Nilimweleza kwa ufupi, kwa kuwa pilau ilikuwa tayari. Lakini tangu jioni ile mwaka ule mzima umenirudia, na nimeona niuandike kwa urefu unaoustahili, kwa sababu wapo wasichana wengi kama Zaitun wanaoingia katika kazi hii wakidhani kwamba mlango ukifungwa mbele yao utafungwa kwa kishindo. Mlango niliouona mimi ulifungwa taratibu, kwa adabu, na watu wema.

Nilipandishwa Newala nikiwa nimetoka chuo kikuu moja kwa moja, na sijui kama nimewahi tena kuwa na furaha ya namna ile, furaha ya mtu anayeamka kabla ya saa yake kwa hamu ya kwenda kazini. Gari tulilopanda kutoka Masasi lilipomaliza kupanda mlima na kufika juu, mimi mtu wa Chiungutwa niliyezoea joto la bondeni nilitoa khanga begani nikajifunika juu ya sweta, na kondakta akaniuliza kama nimekuja kuugua au kuuguza. Chumba nilichopewa kilikuwa cha mwisho katika safu ya nyumba za watumishi. Kilikuwa na kitanda cha chuma kilichoondolewa wodini baada ya gurudumu kuvunjika, meza moja, na dirisha lililotazama upande wa bonde la Ruvuma. Asubuhi za Juni ukungu ulipanda kutoka bondeni ukajaa mpaka dirishani, hata wodi ya wazazi, ambayo haikuwa mbali, ikatoweka kabisa, nami nikaifuata kwa sauti za vichanga. Maji yalikuwa ya kugombea. Ndoo niliyoogea ndiyo niliyofulia, na masalia yake yakamwagiwa mnanaa uliokuwa ukijitahidi kuota mlangoni. Nilikuwa na shahada, viatu vyeupe vipya, na imani kamili kwamba mtu anayeijua kazi ndiye atakayepewa kuisimamia.

Aliyeijua kazi alikuwa Mama Somoe. Wiki yangu ya kwanza alinikuta nikipima presha ya mgonjwa huku nimesimama upande wa mwanga, nikimziba. Hakunikemea. Alisogeza kiti upande wa pili, akanikalisha, akasema, “Mgonjwa naye anataka kukuona, mwanangu. Hajui kama wewe ni mtu au ni kivuli.” Jioni hiyo akaniita kwake kula, na kuanzia hapo sikupika tena chumbani kwangu isipokuwa chai. Tulikula ugali wa muhogo na mbaazi zilizoungwa kwa nazi, na msimu wake ulipofika tukala ming'oko ya kuchemsha, mizizi ile ya porini, tukiwa tumeketi mkekani na kisahani cha chumvi na pilipili katikati yetu. Somoe, aliyekuwa anasoma sekondari wakati huo, alimenya upesi kuliko sisi wote na kutuachia maganda. Nyumba hiyo ilikuwa shule yangu ya pili, na nasema bila kuionea haya shahada yangu kwamba sijapata shule iliyonichangamsha kuliko ile.

Mlangoni kwa ofisi yake, siku hizo, ubao ulisomeka KAIMU MUUGUZI MFAWIDHI. Kaimu ni mtu anayeshika nafasi mpaka mwenyewe aje. Mama Somoe alikuwa ameishika mpaka neno lenyewe likachakaa, likapakwa rangi upya, na mwenyewe hakuja. Waliomtangulia ofisini humo walikuwa wanaume, kila mmoja alithibitishwa mapema, na wawili kati yao aliwafundisha yeye kazi. Alisimamia wodi zote, alipanga zamu, aliitwa kila palipoharibika kitu, na katika vikao alitambulishwa kwa neno hilo la mbele kama mtu anayetambulishwa kwa ugonjwa wake. Mimi nilidhani ni uzembe wa ofisi. Nilidhani faili limesahauliwa mahali fulani.

Sababu niliisikia nikiwa kwenye kibanda cha chai nyuma ya maabara, upande wa pili wa ukuta wa mianzi. Walikuwa wajumbe wawili wa kamati ya hospitali, watu wazima wenye heshima zao, wakinywa chai kwa vitumbua.

“Mama Somoe mchapakazi. Hilo nani atalipinga?”

“Nani alipinge? Mke wangu amejifungulia mikononi mwake.”

“Na wangu pia. Lakini likumbini ataingiaje?”

“Hapo sasa.”

“Ndiyo hapo sasa.”

Wakala vitumbua, na kwa sauti ya mtu aliyemaliza jambo mmoja wao akaongeza kwamba Dismasi ni kijana mzuri, ana adabu, na muda si mrefu atakuwa ameiva. Likumbi ni kambi ya jando. Kila msimu, shule zikifungwa, wavulana hupelekwa porini wakatahiriwa na kukaa huko hadi wapone, chini ya mkulungwa, mzee anayeisimamia kambi. Wazee na hospitali walikuwa wamekubaliana kwamba kukata kufanywe na muuguzi, kwa vifaa safi na ganzi, na kwamba mfawidhi wa wauguzi aingie kambini kukagua vidonda. Mwanamke haingii likumbini. Haruhusiwi hata kuulizia yaliyomo. Kwa hiyo, kwa mantiki iliyonyooka kama rula, mwanamke hawezi kuwa mfawidhi. Hapakuwa na chuki ndani yake, na ndiyo maana ilikuwa imedumu.

Nilikwenda kwa Mama Somoe nikiwaka, nikamweleza niliyoyasikia. Alikuwa akimenya ming'oko. “Umelisikia leo?” aliniuliza. “Mimi nalisikia tangu Somoe ananyonya.”

“Na hukuwajibu?”

“Niwajibu nini? Wangenitukana ningewajibu. Hawajanitukana, mwanangu. Wamenikatalia kwa adabu, na mtu aliyekukatalia kwa adabu huna pa kumshika.”

Nilimwambia kwamba nitaandaa maelezo, kwamba kuna haki na kuna miongozo ya utumishi, na kwamba kama hakuna wa kuyasema basi nitayasema mimi mbele ya kamati. Alinisikiliza hadi mwisho, akanisogezea kisahani cha pilipili. “Hotuba yako nzuri sana. Ila mwombe Dismasi aisome. Wataisikiliza.” Somoe alicheka hadi ming'oko ikamtoka mdomoni, nami, baada ya kununa kidogo, nikacheka pia.

Dismasi hakuwa mtu wa kuchukiwa, na hilo lilinisumbua, kwa sababu nilitaka kumchukia. Alikuwa kijana mwepesi wa maneno, aliyeweza kumfanya mgonjwa acheke huku akimchoma sindano. Aliletwa hospitalini hajui hata kushika koleo ya vifaa vilivyochemshwa, na Mama Somoe akamshika mkono mpaka mkono ukajua. Wagonjwa walimwita daktari tangu siku ya kwanza kwa kuwa tu alikuwa mwanamume aliyevaa nguo nyeupe, wakati Mama Somoe, aliyekuwa mkuu wake, waliendelea kumwita sista. Siku moja nilimbana karibu na tangi la maji.

“Kaka Dismasi, unajua wanakupangia nini?”

“Najua. Mimi sijaomba, dada Skola.”

“Hujakataa pia.”

Akajaza ndoo yake mpaka juu, akaiweka begani. “Sijakataa pia,” akasema. Nilimheshimu kwa jibu hilo zaidi ya jinsi nilivyotaka.

Jando la mwaka ule liliwekwa kwenye kijiji kimoja upande wa Mnyambe, na mkulungwa wake alikuwa Mzee Chilumba, mtu mrefu, mwembamba, aliyekuwa amewaingiza jandoni nusu ya wanaume wa eneo lile, Dismasi akiwa mmoja wao. Dismasi alifanya kazi yake ya kukata, akabaki kambini kuwahudumia wari, maana wavulana wakishaingia huitwa wari hadi watoke. Mama Somoe alisimamia kazi hiyo kutoka nje kama alivyozoea: kila baada ya zamu yake ya wodi alipanda gari la hospitali hadi kijijini, akatembea kwa miguu kupita mikorosho hadi kwenye gogo. Gogo lililazwa kukata njia, limefungwa kitambaa chekundu, na ndio uliokuwa mpaka. Mwaka ule alinichukua nami. Sijasahau msisimko wa mara ya kwanza: akina mama wakija kwa mstari na vyakula vya watoto wao, sahani zimefunikwa kwa vitambaa vilivyotariziwa, wakiimba nyimbo za kuwatania baba za watoto, wakipiga vigelegele vilivyovuka gogo ambalo wao wenyewe hawakuruhusiwa kulivuka. Waliziweka sahani chini. Vijana wa kambi walitokeza wakazibeba, na baadaye wakazirudisha tupu. Mama hamwoni mwanawe, hasemi naye, wala haulizi. Anachokipata ni sahani yake.

Siku ambayo mambo yaligeuka, sahani zilirudi zimejaa. Si zote, lakini nyingi. Ugali umemegwa pembeni tu na mboga haijaguswa. Wimbo ulififia wenyewe. Akina mama walizitazama sahani zao, kisha wakatazamana, na hakuna aliyesema neno, kwa sababu hapakuwa na neno lililoruhusiwa. Mama mmoja kijana alifunika sahani yake upesi kama vile ameona kitu cha aibu. Dismasi alitokeza akasimama upande wake wa gogo.

“Wari wanaendeleaje?” Mama Somoe alimuuliza.

“Wanaendelea, mama.”

“Wote?”

“Wanaendelea.”

Aliitazama miguu yake. Mtu huyu ambaye hakuwahi kukosa la kusema alisimama pale kama mwanafunzi aliyekosa somo. Nilimfuata pembeni, kila mmoja upande wake wa gogo, nikamuuliza kwa sauti ya chini kuna nini. “Dada Skola,” akasema, “mle ndani mimi si nesi. Mzee yule ndiye aliyeniingiza jandoni. Nikipita hapa nimerudi kuwa mwari wake, na mwari hamwambii mkulungwa afanye nini.”

“Basi tuambie sisi.”

“Ya mle hayasemwi nje.”

Uso wake ulikuwa wa mtu anayeumia. Nikaelewa, kwa mara ya kwanza tangu nipande Newala, kwamba yule waliyemtaka kwa kuwa anaweza kuingia alikuwa amefungwa mdomo na kule kuingia kwake. Nilitaka kulivuka gogo lile mimi mwenyewe, na shahada yangu, na viatu vyangu vyeupe. Mama Somoe alinishika kiwiko bila kunitazama, akamwambia Dismasi, kwa sauti ya kawaida kabisa, akamwite Mzee Chilumba.

Mzee alikuja akasimama upande wake. Mama Somoe alipiga goti upande wake, kama inavyompasa mwanamke wa huko kumwamkia mzee.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, Mama Somoe. Huku mpakani kwema?”

“Kwema, Baba. Sikuja kuuliza ya ndani. Ya ndani ni yenu. Nimekuja kuuliza ya sahani.”

“Sahani zina nini?”

“Sahani ni zetu. Zimetoka kwetu na zimerudi kwetu, kwa hiyo haki ya kuziulizia tunayo. Zimerudi zimejaa.”

Mzee alizitazama zile sahani, moja baada ya nyingine, na akina mama, ambao hawakuruhusiwa kuuliza, wakafanya jambo ambalo hakuna aliyewakataza: wakazifunua zote. Vitambaa viliondolewa na chakula kikaonekana, kimepoa.

“Mtoto hupungukiwa na hamu akiwa na kidonda,” mzee akasema.

“Kweli. Lakini mboga ameiacha na ugali ameumega akaurudisha. Huyo amejaribu kumeza, Baba, ameshindwa. Mdomo mkavu haumezi.”

“Maji hulowesha kidonda. Tangu wazee wetu.”

“Basi kidonda tusikibishanie, kidonda ni chenu. Mimi naulizia mdomo. Wote waliomo mle niliwapokea mimi kwa mikono hii kabla ninyi hamjawapokea. Niliufuta mdomo wa kila mmoja kwa kidole changu ndipo akalia. Nimewakabidhi kwenu wazima. Nataka mnirudishie wazima.”

“Unaniamuru, Mama Somoe?”

“Nakuomba, Baba. Ila naomba nikiwa hapa, na sitaondoka hapa.”

Nilisikia korosho kavu ikianguka mahali fulani nyuma yetu. Mzee Chilumba alizungusha fimbo yake mchangani, kisha, kwa upande wa mdomo, kama mtu anayeficha kicheko ama hasira, akasema, “Ndiyo maana mumeo ni mpole.” Akina mama wakacheka kwa pumzi waliyokuwa wameizuia. “Ndiyo, Baba, nimempumzisha kusema,” akajibu Mama Somoe, na mzee akageuka akaingia kambini. Muda mfupi baadaye vijana wakaja kuchukua madumu ya maji ambayo akina mama waliyakimbilia kijijini pamoja na chumvi na sukari. Mama Somoe aliwafundisha akina mama pale pale kuchanganya maji ya chumvi na sukari, akionja kila dumu mwenyewe, na madumu yakavuka gogo moja baada ya jingine. Kisha wanaume wawili wakatokeza wamebeba mtoto aliyefunikwa shuka kuanzia utosini hadi unyayoni. “Huyu,” mzee alisema, na sauti yake haikuwa tena na utani, “hatupendi anavyolala.”

Mwari haonwi na mwanamke. Tulipofika hospitalini, mganga mfawidhi alikuwa safarini Mtwara, na mwanamume pekee mwenye ujuzi alikuwa Dismasi. Mtoto alilazwa nyuma ya pazia la kijani, Dismasi akiwa naye ndani, na Mama Somoe akasimama upande huu wa pazia, karibu kiasi kwamba pumzi yake ilikitikisa kitambaa. Mimi nilimpitishia Dismasi vifaa chini ya pazia.

“Umepata mshipa?”

“Haupo, mama. Mikono yote imenywea.”

“Upo. Umejificha. Mfunge mpira juu ya kiwiko, umpashe mkono kwa kitambaa cha maji ya moto. Skola, maji.” Nikapeleka maji. “Sasa?”

“Bado. Mkono wangu unatetemeka.”

“Uache utetemeke, halafu uutulize. Nenda mguuni, mbele kidogo ya kifundo cha ndani. Usitafute kwa macho. Tafuta kwa kidole, kama nilivyokufundisha kwa mtoto wa yule mwalimu. Na unisikie vizuri, Dismasi: ukiukosa huo naingia mimi, na kesi ya wazee tutaijibu baadaye.”

Nje, dirishani, Mzee Chilumba, aliyekuja nasi garini, alikuwa amesimama na alisikia kila neno. Hakupinga. Kisha Dismasi akasema, kwa sauti iliyopasuka, “Damu inarudi, mama. Nimeingia.” Mama Somoe aliweka paji la uso wake juu ya pazia, akafumba macho, akaanza kumweleza dripu iende kwa kasi gani. Kabla jua halijazama mtoto aliomba maji kwa sauti yake mwenyewe, sauti nyembamba yenye madai, na ndiyo habari ya kwanza ambayo Mama Somoe aliipata ya mwari ambaye hakuwahi kumwona.

Kamati ilikutana baada ya msimu. Nilikuwa katibu wa kikao na mwandaaji wa chai, kazi mbili ambazo sijaona mwanamume akipewa kwa pamoja. Ajenda ilikuwa moja iliyowaleta wote: nani athibitishwe. Mjumbe mmoja alianza kama kawaida kwa kumsifu Mama Somoe, na nilijua sifa zile zilikuwa zinaelekea wapi. Ndipo Dismasi, aliyeitwa kama mtu wa kupongezwa, akaomba kusema.

“Waheshimiwa, mimi niliingia likumbini, hilo mnalijua. Na ninyi mlioingia jando la huku mnajua zaidi yangu kwamba mle sikuwa na uwezo wa kumwambia mzee wangu hata neno moja. Ya mle sisemi. Nasema ya kwangu tu: nilikuwa ndani nikiwa na mikono bila mdomo. Mama Somoe alikuwa nje, na kambi nzima ikamsikia. Mnatafuta wa kuingia au mnatafuta wa kuongoza?”

“Na mwakani, kijana?” aliuliza yule mjumbe wa vitumbua.

“Mwakani nitaingia tena. Na yeye atasimama kwenye gogo tena. Nitakwenda anakonituma.”

Watu waliafiki polepole kwa vichwa, kwa kuwa wengi wao walikuwa wanaume wa pale juu na kila mmoja alikuwa na mzee wake ambaye hangeweza kumwambia neno. Ila bado niliona kusita kunazunguka meza, na sijui ujasiri ulinitoka wapi, birika likiwa mkononi. Nikaomba ruhusa ya kuuliza swali. Mwenyekiti akanikubalia, nadhani akidhani ni la sukari.

“Wafawidhi waliotangulia,” nilisema, “msimu wa unyago wa wasichana, waliingia unyagoni?”

Mtu mmoja aliweka kikombe chini. Mwanamume haingii unyagoni, kila mtu mle alilijua hilo tangu utotoni, na wasichana huko ndani huugua kama watu wengine. Hakuna mfawidhi aliyewahi kunyimwa kiti kwa sababu hiyo. Hakuna hata aliyewahi kuiona kuwa ni sababu. Mzee mmoja aliyekaa mwisho wa meza alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

“Binti huyu wa wapi?”

“Chiungutwa,” akajibiwa.

“Ndiyo maana,” akasema, kwa utani wa watu wa juu dhidi ya sisi wa bondeni, na chumba kizima kikaangua kicheko, na ndani ya kicheko hicho nikasikia kitu kikilegea, kama bawaba iliyotiwa mafuta. Nikawamiminia chai. Nilimwaga kidogo juu ya kumbukumbu nilizokuwa nikiziandika.

Uthibitisho ulitangazwa katika taarifa ya asubuhi, ukungu ukiwa bado madirishani. Mganga mfawidhi aliusoma katikati ya habari za dawa na za jenereta, na wauguzi wa zamu, waliochoka kwa kukesha, wakapiga vigelegele vilivyoamsha wodi. Mama Somoe alisema asante, kisha akauliza jenereta inatengenezwa lini. Lakini Dismasi hakungoja fundi wa rangi. Alichukua wembe wa upasuaji uliokwisha makali, akapiga magoti mbele ya mlango wa ofisi, akalikwangua lile neno la kwanza, herufi kwa herufi, huku sisi tukimzunguka na kumtania kwamba anatahiri mlango. Fundi alipokuja baadaye alitaka kuupaka ubao wote upya na kuyasogeza maneno katikati. Mama Somoe alikataa. “Uache hivyo hivyo. Atakayekuja baada yangu ajue palikuwa na kitu.”

Nimeongoza wauguzi kwa miaka mingi tangu hapo, mahali tofauti, na sikuanza popote kwa neno lile mlangoni. Nakiri kwamba mara nyingine nimejisifu kana kwamba ni akili yangu. Jioni ile kwa Somoe, nilipomwona Zaitun akipapasa ubao, nilijisikia kama nilivyojisikia asubuhi ile ya ukungu, mwepesi, mwenye hamu ya kazi. Na kuna jambo moja sikumweleza, kwa kuwa pilau ilikuwa inapoa.

Baada ya mvua za kwanza Mzee Chilumba alikuja hospitalini na kikohozi. Alimkuta Dismasi ukumbini, akamuuliza mkubwa wa hapa yuko wapi, na Dismasi akamwelekeza. Nilikuwa ofisini napanga zamu. Mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi, akauona ubao, akaweka kidole kwenye lile kovu jipya.

“Hapa pana nini, Mama Somoe?”

“Hapana kitu tena, Baba. Shikamoo.”

“Marahaba.” Hakusogea. Alitazama kizingiti kilichokuwa mbele ya miguu yake, akaitazama fimbo yake, akamtazama yule mwanamke aliyekuwa tayari amesimama kumvutia kiti. “Niingie?”

“Ingia, Baba,” Mama Somoe alisema. “Huku kwetu kila mtu anaingia.”